Doti Moja Ikilowa

Mkoani Kigoma, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kupima damu bila chombo chochote cha hospitali. Mama akishajifungua, damu inakingwa kwa kanga. Kanga ya kwanza ikilowa, mkunga anakaa macho. Ya pili ikilowa, hasubiri: anampa mama misoprostoli ili kizazi kikaze, na damu isipokata anatafuta usafiri wa kwenda hospitali. Watafiti waliosimamia kazi hiyo, na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005, walikuwa wamekadiria kwamba kanga mbili zilizolowa zinabeba nusu lita ya damu au zaidi. Nusu lita ndicho kiwango ambacho vitabu vya uzazi vilikihesabu kuwa hatari.

Kanga mbili ni doti moja. Hakuna aliyehitaji kufundishwa mililita. Kipimo kilikuwa kimefungwa kiunoni siku zote.

Naanza na kanga hizo kwa sababu zinaonyesha mahali hasa tunapokwama. Hesabu matatizo yanayowapeleka wanawake wengi hospitali: damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, uchungu usiosogea, mimba iliyotunga nje ya kizazi, maumivu ya hedhi, uvimbe, uchafu ukeni, saratani ya mlango wa kizazi. Karibu yote yana tiba inayojulikana, na nyingi ya tiba hizo ni za miaka mingi na za bei nafuu. Mama anapotea kwa sababu hakuna aliyepima, au aliyepima hakuliita tatizo kwa jina lake. Wataalamu wa afya ya uzazi wana hesabu yao maarufu ya kuchelewa kwa aina tatu, iliyoandikwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mimi ningetanguliza kuchelewa kwingine mbele ya hayo yote, kule kwa kutotambua kwamba hapa pana ugonjwa. Kuna maneno yanayotuchelewesha hivyo, nasi tunayatamka kila siku. La kwanza ni "kawaida".

Damu ya uzazi inadanganya kuliko damu nyingine yoyote, maana kila anayejifungua hutokwa nayo. Wazee waliiita damu chafu, na damu chafu sharti itoke. Mama analowesha shuka la pili, bibi anasema mwacheni asafike. Lakini tusiwacheke akina bibi. Ndani ya wodi za wazazi, wakunga na madaktari wenye vyeti wamekuwa wakikadiria damu kwa macho, na macho hupunja. Nyingine inanywewa na godoro, nyingine inachanganyika na maji ya chupa, nyingine inamwagwa pamoja na beseni kabla hajaitazama mtu.

Ushahidi wa jambo hili tumeupata karibu na nyumbani. Utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ulihusu wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua bila upasuaji. Kifaa chake kikuu ni karatasi ya plastiki inayotandikwa chini ya makalio ya mama mara mtoto anapotoka. Ncha yake inaning'inia ukingoni mwa kitanda kama mfuko, na ubavuni ina mistari yenye namba. Mkunga anasoma damu kama muuza maziwa anavyosoma kikombe. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Katika hospitali zilizoendelea na mazoea yake, karibu nusu ya wanawake waliotokwa damu kupita kiasi hawakutambuliwa kabisa. Kwenye hospitali zilizotumia mfuko, waliotambuliwa walikuwa asilimia 93. Na wale waliofikia pabaya, yaani waliopoteza lita nzima au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa ajili ya damu au waliokufa kwa damu, walipungua kwa asilimia 60.

Hakuna dawa mpya iliyoletwa katika utafiti huo. Kilichobadilika, ukiacha kipimo, ni mwendo wa tiba. Zamani mkunga alijaribu kitu kimoja, akasubiri, akajaribu kingine, na dakika zikayoyoma. Sasa vyote vinakwenda kwa mkupuo: kizazi kinakandwa kupitia tumbo, oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, inaingia, gramu moja ya traneksamiki inaingia mshipani, dripu inafunguliwa, na mkunga anachunguza. Kondo la nyuma limetoka zima? Uke umechanika mahali? Mlango wa kizazi je? Kibofu kimejaa? Mara nyingi mkosaji ni kizazi kilicholegea, lakini ukikanda kizazi wakati damu inatoka kwenye mchaniko unapoteza muda wa mtu aliye mbioni kufa.

Muda wenyewe nao unapimwa. Traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, na matokeo ya mwaka 2017 yalikuwa wazi: ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vinavyotokana na damu vinapungua kwa karibu theluthi. Zikipita saa tatu, faida haionekani. Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na wakunga yalishusha kizingiti: damu ikifika mililita 300 na mapigo ya moyo au presha yameanza kuyumba, tiba ianze, nusu lita isisubiriwe. Kwa lugha ya Kigoma, doti nzima sasa ni nyingi mno. Kanga moja na pindo la pili inatosha kuamsha wodi.

Kuhusu oksitosini niongeze jambo moja tu. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na iliyokaa juani hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Muuguzi anadunga sindano akiamini ametibu. Karbetosini, dawa ya kazi hiyohiyo isiyohitaji friji, ilijaribiwa katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na mwaka 2018 ilionekana haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu. Kwa zahanati ambayo umeme wake ni wa kubahatisha, hiyo ni habari kubwa kuliko jengo jipya.

Kifafa cha mimba kimeponzwa na jina lake. Kifafa, kwa wengi wetu, ni kuanguka na kutoa povu, na kuanguka kuna majibu yake ya zamani: mashetani, jini, mkono wa mtu. Mjamzito anadondoka saa nane usiku, na familia inagawanyika, nusu wakitafuta gari, nusu wakitafuta mganga. Hata asiyeamini mashetani anapotoshwa na jina, kwa kuwa linamfundisha kusubiri mtikisiko. Mtikisiko ni hatua ya mwisho. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza, kimya, pengine wiki kadhaa nyuma: baada ya wiki ya 20 ya ujauzito presha inafika 140 kwa 90 au kuzidi, protini inaonekana kwenye mkojo, au figo na ini vinaanza kulalamika. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Kuna dalili ambazo mama mwenyewe anaweza kuzisema: kichwa kisichosikia panadoli, macho kuona nyota, maumivu chini ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla. Miguu kuvimba ndiyo inayoleta ubishi. Jirani atasema ni kawaida ya mimba, na mara nyingi atakuwa kasema kweli. Lakini mguu uliovimba kwa uzito wa mimba na mguu uliovimba kwa presha inafanana kwa macho. Mashine ya presha na kijiti cha kuchovya kwenye mkojo ndivyo vinavyoitenganisha, na vyote viwili vinaingia kwenye mfuko wa koti.

Tiba yake kubwa ni magnesiamu salfeti. Jaribio la Magpie, lililochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba inapunguza hatari ya mtikisiko kwa zaidi ya nusu. Kwa utaratibu unaotumika sana kwetu, mama anapata gramu 4 mshipani taratibu na gramu 10 matakoni, tano kila upande, kisha ndipo apakiwe kwenye gari la rufaa. Wapo wauguzi wanaoiogopa kwa kuwa ikizidi inaweza kusimamisha pumzi. Woga huo nao unatibika kwa kupima: gonga goti uone mguu unaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, angalia mkojo unatoka, weka kalsiamu glukoneti jirani. Presha yenyewe inashushwa kwa dawa zake. Ugonjwa unakwisha kondo la nyuma likishatoka, ingawa mtikisiko unaweza kuja hata siku chache baada ya kujifungua, wakati ambapo kila mtu ameshahamia kwa mtoto. Mwanamke aliyewahi kupata ugonjwa huu mimba iliyopita aseme mapema kliniki, maana aspirini ya kiwango kidogo, ikianzwa kabla ya wiki ya 16, hupunguza uwezekano wa kurudi.

Uchungu usiosogea una kipimo kilichozaliwa upande wetu wa dunia. Mwaka 1972, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Harare, wakati huo ukiitwa Salisbury, walichapisha karatasi yenye mstari wa tahadhari na mstari wa hatua. Mlango wa kizazi unatakiwa kufunguka walau sentimita moja kwa saa. Mchoro ukivuka mstari wa kwanza mama apelekwe penye uwezo wa upasuaji, ukivuka wa pili, saa nne mbele, uamuzi ufanyike. Hiyo ndiyo patografu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umelegeza kanuni: uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na si kila mama alazimishwe mwendo wa sentimita moja kwa saa. Karatasi ni nzuri. Ila aliyewahi kulala leba atakwambia kwamba kuna patografu zinazojazwa mtoto akiwa tayari ananyonya, mistari imenyooka kama ya rula.

Huko nje ya wodi, uchungu ukikaa, mwanamke anahojiwa. Amelala na nani? Aungame ili mtoto atoke. Nyonga haisikii ungamo. Kichwa cha mtoto kikikwama kwa siku mbili kinabana kibofu dhidi ya mfupa, nyama inakosa damu na kufa, na siku chache baadaye inamomonyoka na kuacha tundu. Mtoto mara nyingi ameshafariki. Mama anabaki akivuja mkojo mchana na usiku. Kuitambua fistula ni kazi rahisi: unauliza, kisha unajaza kibofu maji ya rangi na kuona pamba iliyowekwa ukeni imelowa wapi. Tundu dogo na jipya linaweza kuziba lenyewe mpira wa mkojo ukiachwa kwa wiki kadhaa. Lililokomaa linahitaji mshonaji hodari. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iligundua kwamba kinachowazuia wanawake hao si bei ya upasuaji, uliokuwa bure, ila nauli, ndipo tangu mwaka 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu aliye jirani na mgonjwa. Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika hospitali ya Panzi aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, yapo matundu ambayo hayakuletwa na uchungu, yaliletwa na wanaume wenye bunduki. Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Swali la "ilianzaje?" ni sehemu ya uchunguzi, na linataka faragha na mtu wa kusikiliza.

Neno la pili linalotuchelewesha halifichi ugonjwa. Linaubatiza jina lisilo lake. Hilo ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo.

Binamu yangu mmoja, miaka kadhaa iliyopita, aliumwa tumbo chini upande wa kulia. Alikwenda zahanati iliyo jirani na kwake, nisiyoitaja. Akapewa kikopo cha mkojo, akasubiri nusu saa, akaambiwa ana UTI, akarudi na mfuko wa vidonge. Siku ya tatu akarudi na maumivu yaleyale. Sasa ikawa UTI sugu, na sindano. Siku ya sita alianguka bafuni. Katika hospitali ya pili nesi wa mapokezi, akiwa bado anaandika jina lake, alimwuliza, "Dada, siku zako umeziona lini?" Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kijiti cha kupima mimba, ambacho duka la dawa linauza kwa bei isiyozidi sahani ya chipsi, kilitoa mistari miwili. Ultrasaundi ikaonyesha kizazi kitupu na damu imejaa tumboni. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, na mrija umepasuka. Alipona, akabaki na mrija mmoja.

Tangu hapo nina kanuni ambayo madaktari wazuri wanayo toka shule: mwanamke wa umri wa kuzaa anayelalamika tumbo ana mimba mpaka kijiti kikatae. Haijalishi anatumia uzazi wa mpango, haijalishi ameapa. Mimba ya nje ya kizazi ni kama moja au mbili katika kila mimba mia, kwa hiyo si kioja. Hedhi iliyochelewa au iliyokuja kidogo kidogo, maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, hata maumivu kwenye ncha ya bega, maana damu ikiwa tumboni inasumbua kiwambo cha pumzi na mwili unaisikia begani. Ikigunduliwa mapema, kabla mrija haujapasuka, wapo wanaotibiwa kwa sindano ya methotreksati bila kisu. Ikichelewa ni upasuaji na kuongezewa damu. Tahadhari iko upande wa pili pia: mimba changa sana inaweza isionekane kwenye ultrasaundi, na kizazi kitupu cha leo kikawa na mtoto wiki ijayo. Daktari mwenye shaka hupima homoni ya mimba na kuirudia baada ya saa 48, mradi mama hali yake imetulia.

UTI yenyewe ipo, tusije tukaikana. Mkojo unachoma, unakuja mara kwa mara, kidogo kidogo. Kwa mjamzito hata wadudu waliokaa kimya kwenye mkojo hutibiwa, kwa kuwa wanaweza kupanda mpaka figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Tatizo ni kuiona kwenye kila kikopo. Mwanamke mwenye uchafu ukeni naye anaondoka na UTI, wakati alichonacho pengine ni fangasi, yenye muwasho na utoko mweupe kama maziwa mgando, au ni mvurugiko wa bakteria wa uke, wenye harufu ya samaki. Na mara nyingine mvurugiko huo umeletwa na yeye mwenyewe kujiosha ndani kwa sabuni na viungo alivyouziwa ili "awe msafi". Kisonono na klamidia kwa wanawake mara nyingi hukaa bila dalili, vikila mirija taratibu. Ukimtibu mke bila mume, umetibu nusu ya ugonjwa.

Neno la tatu ni chango. Kwenye kamusi, maana mojawapo ya chango ni mnyoo. Mtaani ni kila kinachouma mwanamke chini ya kitovu: hedhi yenye maumivu ni chango, kukosa mtoto ni chango, uvimbe ni chango, na kuna chupa ya dawa ya mizizi kwa chango zote. Neno hili nalipenda kama neno. Lina uzee na uchungu wake. Lakini ndani yake kumefichwa magonjwa yanayotaka tiba tofauti kabisa.

Endometriosisi ndiyo iliyofichwa sana. Ni tando zinazofanana na za ndani ya kizazi zikiota mahali pengine, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, na kila mwezi zinavimba na kuuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata kama mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliueleza ugonjwa wake hadharani wakati watu wengi walikuwa hawajalisikia jina hilo. Nchini Kenya mtangazaji Njambi Koikai aliugua aina inayofika kifuani na kuangusha pafu. Alipigana nayo kwa miaka, akatibiwa mpaka Marekani, akafariki Juni 2024. Kila ukisoma masimulizi ya wagonjwa wa namna hii unakutana na sentensi ileile kutoka kwa mama, mwalimu, nesi: ni kawaida, utapona ukizaa. Kuzaa si tiba. Ultrasaundi nayo inaweza kutoka safi. Kinachoitambulisha ni maswali: maumivu yanakuzuia kwenda shule au kazini? Tendo la ndoa linauma kwa ndani? Haja kubwa inauma siku za hedhi? Akijibu ndiyo, anaanzishiwa dawa za maumivu na za homoni, na upasuaji unawekwa kwa wanaouhitaji. Ugonjwa haung'oki moja kwa moja, lakini unadhibitika, na msichana anabaki darasani.

Fibroidi haina haja ya maneno mengi. Ni uvimbe usio saratani, umejaa miongoni mwa wanawake weusi, na uvimbe mdogo usiosumbua unahitaji kuangaliwa tu. Nasisitiza hilo kwa sababu ultrasaundi za mtaani zimezaa hofu: mtu anaambiwa ana uvimbe wa sentimita mbili, siku ya pili anakusanya pesa za upasuaji. Linaloamua ni anavyotokwa damu, anavyobanwa, na kama anataka mtoto. Anayebadilisha pedi kila saa na kutoa mabonge apimwe wingi wa damu mwilini kabla ya lolote. Na damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima au zaidi, hata tone moja, ichunguzwe haraka, kwa kuwa inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayotia hasira, maana inatoa notisi ya miaka. Virusi vya HPV, ambavyo Harald zur Hausen alipata tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuvihusisha na saratani hii, huchukua miaka kumi au zaidi kuigeuza ngozi ya mlango wa kizazi kuwa saratani. Muda wote huo mwanamke haumwi. Kipimo cha kumgundua ni siki: nesi anaupaka mlango wa kizazi siki nyepesi, anahesabu dakika moja, anatazama. Panapogeuka peupe pana mashaka, na mara nyingi panachomwa kwa kifaa cha joto siku hiyohiyo, mama akarudi nyumbani kupika. Sasa kipo pia kipimo cha virusi vyenyewe ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli chooni bila kuvuliwa nguo na mtu. Wenye virusi vya ukimwi wako kwenye hatari mara sita zaidi na wapimwe mara kwa mara. Rwanda ilianza kuchanja wasichana mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Tanzania imekwisha kuhamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Pamoja na yote hayo, Taasisi ya Saratani Ocean Road inaendelea kupokea wanawake waliokuja baada ya damu kuanza kutoka wakati wa tendo la ndoa na kiuno kuanza kuuma, hatua ambayo siki haisaidii tena.

Turudi Kigoma, miaka mingi kabla ya kanga zile. Dokta Godfrey Mbaruku alipokuwa hospitali ya mkoa, yeye na wenzake walianza kukaa chini kila mama anapofariki na kuuliza ni nini kilikosekana. Majibu yalikuwa ya aibu kwa udogo wake: chombo kibovu, dawa iliyoisha, damu isiyokuwepo, mtu ambaye hakuwa zamu. Wakayarekebisha moja baada ya jingine, kwa fedha chache. Mwaka 1984 hospitali ile ilikuwa na vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Mwaka 1991 vilikuwa 186.

Kwa nchi nzima, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulihesabu vifo 556 kwa vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulihesabu 104. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yako juu ya hapo, na tarakimu za aina hii huwa na ukungu, lakini hakuna anayebisha kwamba zinashuka. Takwimu nyingine ya mwaka 2022 ndiyo ninayoiona nzito zaidi: asilimia 81 ya waliojifungua walijifungulia kwenye vituo vya afya. Mfumo wa m-mama nao, kwa namba 115 isiyolipiwa, unawasafirisha wenye dharura. Basi ile lawama tuliyozoea, ya bibi na mkunga wa jadi na barabara mbovu, inazidi kupungua ukweli kila mwaka. Mama ameshafika. Yuko ndani ya jengo letu, juu ya kitanda chetu, mbele ya mtu tuliyemsomesha. Anayemwambia sasa kwamba ni kawaida amevaa sare nyeupe.

Kwa hiyo ombi langu kwako, uwe mjamzito, mume, mama mkwe au jirani unayemsindikiza, ni dogo. Kadi ya kliniki, au kile kitabu cha mama na mtoto kwa wenzetu wa Kenya, ina nafasi ya kuandika presha na majibu ya mkojo kwa kila hudhurio. Ifungue kabla hujatoka mlangoni. Nafasi ikiwa tupu, rudi ukakae kwenye benchi mpaka ijazwe.